Malazi ya Wabeba Majina

Waongo ni wengi duniani, lakini hakuna wa kuogopwa kama yule anayerudi kutoka kwenye Njia, akaulizwa malazi gani yalimpendeza zaidi, naye akajibu papo hapo bila hata kumeza mate. Atakutajia godoro. Atakutajia maji ya moto, mchuzi wa mbuzi, dirisha linaloingiza upepo. Mwache amalize, kisha mtazame visigino. Kama havijapasuka, huyo alikwenda kutembea, na kwenye Njia ile watu hawaendi kutembea. Huenda kubeba.

Nieleze basi, maana najua wamo humu ambao hawajafiwa bado. Mtu akifiwa asipate maiti ya kuzika, au akazika lakini moyo ukagoma, hulichukua jina la marehemu wake akaliweka juu ya jina lake mwenyewe, akashika Njia. Tangu hatua ile ya kwanza, jina lake halitamkwi tena. Akifika malazi, mwenyeji humwuliza, "Nani?" naye hujibu jina la marehemu. Ataitwa hilo. Atalishwa alichokipenda marehemu. Atalazwa ubavu aliozoea marehemu. Na kabla ya kuondoka huacha neno moja: jambo moja la kweli kuhusu yule anayembeba, ambalo hajaliacha katika malazi ya nyuma. Mwenyeji hulitunza kichwani, na mgeni yeyote anayekuja baadaye ana haki ya kuuliza, "Nani kapita, kasema nini?" Ataambiwa neno moja. Akidai la pili atafukuzwa, na mimi ningemfukuza pia.

Malazi ya mwisho huitwa Kizingitini. Hapo ndipo mtu hulitua jina. Akishalitua hurudishiwa lake, na lile la marehemu humtoka pamoja na uso, sauti, harufu, mwendo, kila kitu. Hurudi kwa njia ya bondeni akiwa mwepesi. Ukimtajia marehemu wake, atakutazama kwa adabu, kama mtu uliyemtajia kijiji asichowahi kufika. Wengine husema hiyo ni rehema. Mimi sisemi kitu.

Sasa wapo wanaouliza, na swali lao ni la haki: huyo anayefika Kizingitini ni nani? Ametoka kwake akiwa fulani. Kwa miezi ameitwa jina la mwingine, akala cha mwingine, akalala ubavu wa mwingine. Kama mtu ni yale anayoitwa na anayoyala na anayokumbukwa nayo, basi aliyekufa ndiye anayetembea, na aliye hai ndiye aliyeachwa nyuma kwenye nyumba tupu, akisubiri kurudiwa. Na kama mtu si hayo, basi mtu ni nini? Nimewauliza wenyeji wa malazi. Wakaniambia nile, chakula kinapoa.

Kidawa alikuwa amembeba Vuai.

Vuai alikuwa mwanawe wa pekee. Mto ulifurika, ukamchukua akiwa na miaka sita, na miaka kumi na moja ilikuwa imepita bila maiti kuonekana. Kwa hiyo mwanamke mzima, mwenye mvi na pengo la jino la pembeni, alikuwa akiitwa Vuai mwezi wa pili sasa, akiwekewa uji katika bakuli dogo, akifunikwa shuka mpaka kidevuni na wenyeji wenye umri wa wadogo zake. Mwanzoni aliona haya. Baadaye alianza kunyoosha kidevu ili shuka ipite vizuri.

Katika malazi thelathini alikuwa ameacha maneno thelathini. Vuai aliogopa kuku. Vuai alisema jana akiwa na maana ya kesho. Vuai alilala kaweka kisigino juu ya goti, kama mzee aliyemaliza kulima. Lakini neno moja alikuwa amelifungia chini ya ulimi, la kumwachia mwenyeji wa Kizingitini peke yake. Siku ile ya maji alikuwa ameushika mkono wa Vuai. Tawi la mkuyu likapita karibu. Alifungua vidole akalishika tawi.

Hakuna aliyeliona hilo ila yeye na mtoto, na mtoto ndiye huyo aliyekwenda na maji. Watu wa kwao walimpa pole miaka kumi na moja, na kila pole ilimwingia kama mchanga machoni. Alitaka kufika mwisho wa Njia, aliseme, alitue, asahau hata kwamba aliwahi kuzaa. Hayo ndiyo aliyoyafuata, nisimsingizie mazuri.

*

Malazi ya thelathini na moja ni ya Bi Mashavu, juu ya kilima cha udongo mweupe, na hayo ndiyo yanayosifiwa kuliko yote. Kwa mara moja wasifiaji hawakukosea. Kuna benchi lililochongwa kwenye udongo wenyewe, na mgeni huoshwa miguu hapo kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa mchaichai, na anayeosha haulizi umetoka wapi. Watu wamewahi kulia juu ya benchi lile bila kujua wanalia nini.

"Nani?" Bi Mashavu aliuliza, kashika kisigino.

"Vuai."

"Karibu Vuai, mwanangu. Nikupikie nini?"

"Uji wa mchele. Sukari nyingi."

"Nyingi kiasi gani?"

"Mpaka mama yake agombe."

Bi Mashavu akacheka. Jua la alasiri lilikuwa bado juu. Alipomaliza kuosha aliingia jikoni, na Kidawa akasikia kijiko kikikwangua sufuria, kwa nguvu, kwa muda mrefu, huku mama wa watu akinung'unika.

"Mkono hauna nguvu tangu aondoke yule kijana," alisema kutoka ndani. "Wenzake wanataka nyama, yeye anataka ukoko. Ukoko mtupu, ule wa kuungua. Nikamwambia, baba, utavunja meno. Akasema ndicho alichokipenda mtu wake."

"Mtu wake nani?"

"Kidawa."

Nataka mwelewe jambo hili la ukoko. Kidawa hakuwahi kuupenda. Sufuria ilikuwa ndogo, wali ulikuwa wa mtu mmoja, na mtoto alikuwa akiuliza, "Mama, wewe huli?" Ungemjibu nini? Alimjibu, "Mimi napenda ukoko." Akaukwangua, akautafuna mbele yake, akafumba macho kwa utamu. Mtoto akaamini. Tumbo lake likaamini pia, akamaliza wali wote bila huruma. Na sasa mtu mzima, pengine mwenye ndevu, alikuwa akipita malazi kwa malazi akidai ukoko, akautafuna kwa heshima zote, ili kumpendeza mama yake.

Akina Kidawa ni wengi duniani, alijiambia. Akaitumia haki yake ya mgeni. "Nani kapita, kasema nini?"

Bi Mashavu akatoka, akakausha mikono kwenye kanga, akafumba macho kama wafanyavyo wenyeji wanapolitafuta neno. "'Kidawa ana kovu la moto mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Nilikuwa nalibonyeza kwa kidole mpaka nipate usingizi.'"

Kidawa akaushusha mkono wa gauni taratibu. Uji ulipoletwa aliunywa bila kuisikia sukari.

Yu hai, alijiambia. Yu hai, na mimi ndiye maiti. Kuna mtu amelia kwa ajili yangu. Kuna mtu amebeba jina langu juu ya vilima hivi vyote na mimi nyuma yake nimebeba lake, tumebadilishana, ewe mwanangu, tumebadilishana kama watu waliochukua viatu visivyo vyao msikitini. Anakwenda kunitua. Anakwenda kunisahau. Na mimi nilikuwa nakwenda kumsahau yeye. Nani alitwambia tumekufa?

"Kanipita kwa siku ngapi?" aliuliza.

"Siku tatu hivi. Una nini, Vuai?"

"Kidawa ni mimi."

Bi Mashavu hakushtuka. Alimfuta mdomo kwa pembe ya kanga, kama unavyomfuta mtoto. "Njiani hapa wewe ni Vuai," alisema. "Ukitaka kumwahi, tembea mwendo wa siku mbili kwa siku moja. Lakini usiruke malazi. Anayeruka malazi hakioni Kizingiti, atazunguka mpaka viatu viishe. Kila unapofika ule, ulale, uache neno. Hata kama ni kulala kwa kufumba na kufumbua."

Ndivyo alivyofanya. Na hapa ndipo huwa nakasirika ninaposimulia, kwa sababu kuanzia kilima kile malazi ya Njia huwa mazuri ajabu, na yeye aliyapita kama mtu anayekimbia mvua. Alipita nyumba ya mabembea, ambako watu hulala wakibembezwa na upepo. Alipita kwa wale dada watatu wanaopika mikate ya ufuta, ambako harufu peke yake inatosha kumrudisha mtu kwenye siku aliyopendwa. Aliingia akihema, akasema Vuai, akagugumia uji, akajilaza, akahesabu pumzi kumi, akaamka, akaacha neno. Vuai alijifunza kupiga mluzi kabla ya kusema. Vuai alikuwa na shilingi ya jua shavuni kila alipoamka, pale mwanga ulipopenya tundu la bati. Akafunga viatu akaondoka. Uzuri wote ule aliuacha umetandikwa.

*

Alifika Chumvini akiwa amepunguza pengo mpaka siku moja. Angalau alidhani hivyo.

Nyumba ya Chumvini imejengwa kwa matofali ya chumvi, katikati ya tambarare iliyokauka, na ndani yake ni baridi na kweupe hata mtu husahau kuwa nje kuna joto. Madonda ya miguu hufunga pale. Wenyeji ni pacha wawili wazee, Faki na Mcha, ambao hawajakubaliana jambo lolote tangu tumbo moja. Kuku mmoja alikatiza mlangoni, na Kidawa akaruka nyuma akapiga ukelele. Hakuwahi kuogopa kuku maishani mwake. Aliuangalia mguu wake ulioinuka, hakujua ni wa nani.

"Yule anayekula ukoko," alisema baada ya kusema Vuai na kuwekewa uji. "Kapita lini?"

"Leo asubuhi," alisema Faki.

"Mwaka juzi, wakati wa vuli," alisema Mcha.

"Leo asubuhi. Bakuli lake nimeliosha mimi."

"Umeliosha mwaka juzi. Wewe unaosha mara moja ukaisimulia miaka mitatu."

"Wazee wangu, naomba," alisema Kidawa. "Nipeni moja. Hata la uongo."

Pacha wakatazamana, na nadhani hiyo ndiyo siku pekee waliyoonana uso kwa uso. "Mwanangu Vuai," Mcha alisema, "sisi sote tunasema kweli. Nyumba hii ni ya chumvi. Kitu hakiozi humu, kwa hiyo hatujui kimekaa kwa muda gani."

Fikirini hilo. Sisi tunaujua muda kwa kuoza kwa vitu. Tunda hulainika, nywele hubadilika, maiti hunuka ikazikwa, na kwa kuzika tunajua jana si leo. Aliyefiwa bila maiti hana kilichooza. Kwake mto ungali unapita, na kila anapofumba macho mkono ungali mkononi mwake, mdogo, una maji. Miaka kumi na moja alikuwa akiishi katika nyumba ya chumvi bila kujua. Wengi wanaoipenda Chumvini kuliko malazi mengine huipenda kwa ajili ya miguu yao. Wachache hubaki humo, hawaondoki, na pacha huwapa kazi ya kukwangua kuta.

"Nani kapita, kasema nini?"

Faki alilitafuta. "'Kidawa hakuwahi kunidanganya ila mara moja. Alisema maji hayatafika hapa.'"

Mara mbili, baba, Kidawa alimjibu moyoni. Mara mbili, na ule uongo wa kwanza ndio unaokuvunja meno.

Alijilaza kwenye kitanda cha chumvi, akahesabu pumzi kumi, na katika pumzi ya saba alilia. Chozi likayeyusha kishimo kidogo kwenye mto wa chumvi wa kulalia, na kishimo kile kipo mpaka leo, wazee wale huwaonyesha wageni wakibishana ni cha nani.

*

Malazi ya kabla ya Kizingitini hayana mwenyeji wala kuta. Ni Nyumba ya Mapazia: nguzo nane, dari, na vitambaa vya kila rangi vilivyoachwa na waliopita. Sheria yake ni moja. Mgeni hupokelewa na mgeni aliyemtangulia, kisha yeye hubaki kumsubiri anayefuata, ampikie, ampokee, ndipo aondoke. Nyumba haiachwi tupu. Watu waungwana huipenda kupita kiasi, kwa sababu ndiyo malazi pekee ambamo kila mtu amesubiriwa na mtu.

Aliyempokea Kidawa alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyebeba jina la mumewe, Makungu.

"Yule wa ukoko ndiye aliyenipokea mimi," alisema Makungu akisonga uji. "Mtoto wa watu, kidevuni vinywele vitatu, lakini kajifunga kanga kichwani, anazunguka na mwiko, kula wewe, shiba wewe, umevaa nini kifuani, utakohoa. Nilimwambia, we kijana au bibi yangu? Akasema hajui tena. Kaondoka jana."

"Jana ya kweli?"

"Jana iko ngapi? Jana."

"Kasema nini?"

Makungu akaacha kusonga. "Hili lilinichoma. Alisema, 'Siku ya maji Kidawa alikuwa ametoka kunipaka mafuta ya nazi, mikono yake ilijaa mafuta. Ndiyo maana mkono wangu uliteleza.'"

Kidawa alikaa chini, hapo hapo, mbele ya meko.

Hakukuwa na mafuta. Mafuta yaliisha tangu mwezi uliotangulia, na wote wawili walikuwa na ngozi iliyopauka kama ubao. Vidole vyake vilikuwa vikavu, vilishika barabara, na alivifungua kimoja kimoja akijua anachofanya. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameviona vikifunguka. Aliishi na hilo, alikua nalo, na alipotakiwa aache neno la kweli, katika Njia ambayo watu hawasemi uongo, alizua mafuta ya nazi. Alikuwa amempikia mama yake uongo na kuutafuna mbele ya watu akifumba macho kwa utamu.

"Niache niende," alisema Kidawa. "Leo hii."

"Nenda wapi? Mimi ndiye naondoka. Wewe unasubiri."

"Mwanangu anakwenda kulitua jina langu."

Makungu alimtazama kwa huruma, akachukua mkoba wake. "Mimi nimekaa humu tangu jana nikikusubiri wewe, Vuai," alisema. "Ningechoka usiku, nani angekupokea?"

Akaondoka. Kidawa akabaki na mapazia.

Angeweza kwenda. Nimekwisha kulizungusha jambo hili kichwani kila upande, na kila ninapofika hapa nasema moyoni: nenda, mwanamke, iache nyumba, na ilaaniwe. Lakini nyumba ikiachwa tupu Kizingiti hakionekani, na zaidi ya hapo kulikuwa na kitu kingine. Kulikuwa na mtu nyuma yake, hajulikani nani, anayekuja na miguu inayouma, akiamini kwamba yupo wa kumpokea. Kidawa alikuwa amekwisha kumwacha mtu aliyemwamini. Alikaa.

Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili hakuna. Asubuhi ya siku ya tatu alimwona kwa mbali mzee mmoja mwenye magongo mawili, anasogea hatua, anapumzika, anasogea hatua. Kidawa akatoka mbio. Akampokonya mzigo, akaona bado wanachelewa, akainama akampandisha mgongoni, magongo na yote.

"Taratibu, mwanangu," alisema mzee, "mimi si gunia."

"Nani?"

"Mwanaheri. Mke wangu. Alipenda samaki wa kukaanga mwenye ndimu."

"Samaki hakuna, babu. Kuna uji. Umepokelewa. Karibu sana, Mwanaheri, nisamehe, karibu."

Alimkalisha, akamnywesha, akamwosha miguu, akaliacha neno lake masikioni mwa mzee. "Vuai hunisitiri hata mahali asipotakiwa." Kisha akakimbia.

*

Kizingitini si nyumba kubwa. Ni chumba kimoja chenye milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea, juu ya mgongo wa mlima. Kwenye mlango wa kuingilia alikaa mwenyeji, mwanamke mwenye mimba kubwa anayeitwa Tumu, akimung'unya udongo wa pemba. Kwenye baraza ya mlango wa kutokea alikaa kijana, anafunga viatu, anapiga mluzi. Alikuwa na kovu la kuchanwa na matete shingoni, na vinywele vitatu vya kidevu. Alikuwa amelaza kisigino juu ya goti.

Kidawa alizunguka chumba kwa nje. Akasimama mbele ya baraza.

"Shikamoo, mama," alisema kijana, akasogea kumpa nafasi. "Keti. Unaonekana umekimbia. Kizingiti hakihami."

"Marahaba." Alikaa. "Wewe nani?"

"Mimi Vuai." Akacheka. "Nimerudishiwa sasa hivi, ulimi bado haujazoea. Na wewe umebeba nani?"

"Vuai."

"Kumbe tuna jina moja! Alikuwa nani wako?"

"Mwanangu. Mto ulimchukua."

"Pole sana, mama. Hata mimi mto ulinichukua nikiwa mdogo. Wakata matete wakaniopoa, wakanilea."

"Na mama yako?"

Kijana alifikiri. Aliweka kiganja kifuani, akabonyeza hapa na pale, kama mtu anayetafuta jino lililokuwa likimuuma. "Nilikuwa naye, bila shaka, kila mtu anaye," alisema. "Nadhani ndiye niliyemtua. Nikimtafuta naona ukuta uliopakwa chokaa. Lakini haumi, mama, usinihurumie. Sijalala vizuri tangu nijue kulala, na leo naona kama naweza kulala nikisimama."

Kidawa akaupandisha mkono wa gauni. Akauweka mkono wa kushoto juu ya paja la kijana, kovu juu.

"Pole," alisema kijana. "Moto huo?"

"Bonyeza."

Alibonyeza kwa kidole, kwa adabu, mara moja. Akautoa.

"Vuai," alisema Kidawa. "Mimi ndiye Kidawa. Sikufa. Nilishika tawi. Hakukuwa na mafuta ya nazi, unajua hakukuwa na mafuta, nilifungua vidole nikakuachia ili nishike tawi. Na ukoko siupendi. Nisamehe, baba. Nisamehe hata nusu."

Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yalimjaa machozi, machozi mema, ya mtu anayemlilia msafiri mwenzake. Alikishika kiganja cha mama yule kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, "Wallahi kama ningekuwa nalo hilo kosa, ningekusamehe lote. Lakini silioni. Nimelitafuta hapa wakati unazungumza, silioni. Nitakusamehe kwa kitu gani?"

Basi. Tunadhani msamaha ni wa mwenye moyo mzuri, na moyo wa kijana yule ulikuwa mzuri kuliko mioyo yetu humu. Lakini anayesamehe ni yule mwenye kidonda, na kidonda chake kilikuwa kimechukuliwa, kikiwa na mama ndani yake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa na msamaha tayari, aliugawa bure malazi kwa malazi, akawapa Faki na Makungu na Bi Mashavu. Amefika anayehusika, umekwisha.

Kijana alisimama, akajitwisha mkoba. Akamwambia maji ya mtungi yale ni matamu, ajipumzishe. Akamtakia atue salama. Kisha akashika njia ya bondeni, mluzi ukimtangulia.

Kidawa alirudi mlango wa kuingilia. Tumu alikuwa bado anamung'unya udongo.

"Kasema nini?" aliuliza Kidawa. "Neno lake la mwisho."

"Ya hapa hayasimuliwi. Alikaa muda mrefu, hilo tu. Wewe nani?"

"Vuai."

"Karibu, Vuai. Sema neno lako, utue."

Alifungua kinywa. Lile neno alilolifungia chini ya ulimi kwa malazi yote yale lilikuwa limekwisha kutoka, lilikuwa limekaa pale barazani bila mwenyewe. Alikuwa na lingine.

"Vuai yu hai," alisema.

Tumu aliacha kutafuna. Alishika mgongo, akainuka kwa shida, akaja karibu akasema kwa sauti ya chini kama watu wazima wanavyosemezana. "Jina la aliye hai halipiti hapa, dada yangu. Mimi nimesikia yaliyosemwa barazani, lakini mlango haukusikia. Sema tu amekufa. Nani atakuuliza? Sema amekufa, ukanyage ndani, utokee upande wa pili huna kitu. Utalala. Nakuona huna nguvu."

Ni kweli hakuwa na nguvu. Kitanda cha Kizingitini kilionekana mlangoni, kimetandikwa shuka nyeupe, na wanaosema hayo ndiyo malazi bora kuliko yote ya Njia hawajui wanachosema, kwa sababu hakuna aliyelala pale akakumbuka. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Alipokuwa amekufa nilimbeba miaka kumi na moja," alisema. "Leo amekuwa hai ndiyo nimtue?"

Alikunywa maji ya mtungi. Akazunguka chumba kwa nje, akashika njia ya bondeni, ambayo haijawahi kukanyagwa na mtu mwenye mzigo, akawa anatembea nyuma ya kijana yule kwa hatua mia mbili, umbali ambao mtu hawezi kusema anafuatwa.